Fungate ya Difu

Difu inayolia haijifichi. Injini yaweza kukuficha ugonjwa wake miezi mitatu, giaboksi ikajichanganya na kelele za barabara, lakini difu ikishaanza hulia kwenye mwendo uleule kila siku, kama mtoto anayeota meno. Ukifika sitini inaanza. Ukipita themanini inanyamaza. Ukiachia mafuta inabadilisha sauti, utadhani imeumia upande wa pili. Kulikuwa na Land Cruiser moja pale Arusha ambalo nililijua kwa mlio kabla sijaliona, na kila lilipokaribia gereji yetu mimi niliingia chini ya gari lolote lililokuwa karibu, nikajifanya natafuta spana. Mlio ule niliutengeneza mimi.

Ilikuwa mwaka 1998, mwaka ambao watu wa kaskazini hawauiti kwa tarakimu, wanauita wa El Nino. Mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia zilikuwa zimezila barabara. Kutoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu hakukuwa na lami wakati ule, na udongo mweusi wa kule ukishalowa haubishani na mtu. Unakushika mpaka utakapokauka. Madereva wa utalii waliotoka huko walikuwa na matope hadi kwenye nyusi. Gereji zilijaa, na sisi tulikula vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, saidia fundi katika gereji moja ya mtaa wa Unga Limited. Saidia fundi kazi yake ni kuosha vyuma kwa dizeli, kushika tochi, kufuata chai na kutukanwa. Mzee, ndivyo sote tulivyomwita, hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mtu wa Korogwe, amejifunzia ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge, na Kiswahili chake kilitufanya sisi vijana wa Arusha tujisikie kama tunabweka. Sisi tulisema "leta spana", yeye alisema "hebu nisogezee spana, mwanangu, Mungu akuweke." Na ukimletea kumi na nne badala ya kumi na saba, aliipokea, akaitazama, akaiweka chini taratibu, akanyoosha tena mkono. Heri angetukana.

Mwezi wa tano likaingia Land Cruiser la kampuni moja ya utalii, lile refu lenye paa la kufunguka na injini ya 1HZ. Lilikuja lenyewe, likivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Dereva alikuwa amekwama karibu na Mto wa Mbu, akakanyaga mafuta, tairi moja la nyuma likazunguka hovyo kwenye matope, halafu ghafla likashika jiwe. Chuma kikalia mara moja, ka, basi. Mwanamume yule hakungoja kuvutwa. Alizigonga flenji za habu kwa nyundo mpaka zile washa za koni zikaachia, akachomoa hafu shafti zote mbili za nyuma, akaziba matundu kwa nailoni na mipira ya tyubu, akafungua propela ya nyuma na kuilaza ndani ya gari kama mgonjwa, akaingiza foo wili, akarudi mjini. Kwa kazi ile nilimheshimu, na namheshimu mpaka leo pamoja na yote yaliyofuata.

Tulipoishusha difu, pinioni, ile gia ndogo, ilikuwa imepoteza meno matatu na krauni, ile kubwa, imemeguka kama kikombe cha udongo. Mzee alikuwa na nadharia yake. Land Rover za zamani, alisema, hafu shafti zake zilikuwa laini, zikakatika kwanza na kuiokoa difu. Land Cruiser hafu shafti hazikatiki, kwa hiyo pigo lote linapita mpaka kwenye meno. "Penye watu wawili wakaidi," akasema, "kesi humwangukia wa tatu."

Kwa kawaida gari likiharibika hivyo tulitafuta difu ya mtumba. Difu ya mtumba ina faida ambayo watu hawaifikirii: imekwisha kuzoeana. Krauni na pinioni zimesagana miaka mingi kwenye gari la mtu mwingine, kila moja inajua tabia ya mwenzake, unaifunga asubuhi na jioni unapakia mahindi. Lakini bosi wa kampuni ile alitaka mpya. Akaagiza Nairobi, ikaja kupitia Namanga ndani ya boksi, krauni na pinioni zimefungwa kwa karatasi ya nta, zinanuka duka. Krauni ilikuwa na meno 37 na pinioni 9. Kila moja ilichorwa namba ileile, kwa sababu jozi hizi husagwa pamoja kiwandani na hazibadilishani wenzi. Ukichukua krauni ya boksi hili na pinioni ya boksi lile umenunua vyuma chakavu kwa bei ya vyuma vipya. Mzee alilinganisha namba zile mara mbili. Mara ya pili alivaa miwani.

Kuifunga kulichukua siku mbili. Sitaeleza yote, maana nusu ya kazi ile ni kufunga, kupima, kufungua na kufunga tena. Nakumbuka mizani. Mzee alikuwa na mizani ya ndoano, ya wauza samaki, ambayo wageni wa gereji walidhani ni ya kupimia nyama ya mchana. Aliviringisha kamba kwenye flenji ya pinioni, akainasa kwa ndoano, akavuta taratibu na kusoma: pinioni izunguke kwa uzito gani kabla hajaridhika kuwa beringi zimekazwa inavyopasa. Pungufu, pinioni itacheza; zaidi, beringi zitaungua. Kisha akaipakaza krauni rangi nyekundu ya kuzuia kutu iliyokorogwa na oili, akaniambia nizungushe huku yeye ameikaba kwa gongo la mti ili iwe nzito. Meno yakaachiana alama. Upande mpana wa jino aliuita kisigino, upande mwembamba kidole. Alama ikiingia kwenye mzizi wa jino, pinioni imezama mno. Ikipanda kwenye ncha, iko mbali. Yeye aliitaka katikati, imeelemea kidole kidogo, kwa kuwa gari likibeba mzigo alama husogea kuelekea kisigino. Alibadilisha shimu mara nne. Mara ya tano akaitazama alama muda mrefu, akasema, "Imekaa kama kopo la uji." Sikujua maana yake, na sijui hadi leo.

Mchezo baina ya meno aliupima kwa saa yake ya kupimia iliyofungwa kwenye kipande cha flana ya mtoto mchanga. Kitabu kinataka kati ya 0.15 na 0.20 ya milimita. Alizungusha zile nati za pembeni tundu moja moja, huku akaza, huku alegeza, mpaka sindano ikasimama kwenye 0.17. Tukarudisha difu kwenye aksoli, tukatia oili mpya ya tisini karibu lita tatu, ile yenye dawa ya salfa inayonuka kama yai viza. Mimi nikadhani tumemaliza. Nikaanza kukusanya spana.

"Unakwenda wapi?" Mzee akaniuliza. "Leo tumeozesha tu. Fungate bado."

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Kwa wa bara, fungate ni zile siku saba baada ya harusi ambapo bwana na bibi harusi hukaa ndani, hawatumwi, hawabebi maji, hawachanji kuni, wanapikiwa na kuachwa wazoeane. Mzee alisema difu nayo ina fungate yake, na ni kilomita 800. Katika hizo, gari lisivute kitu, lisipakiwe mpaka likalala, lisikanyagwe kwa hasira, wala lisiende mwendo mmoja muda mrefu. Nazo kilomita za kwanza zina masharti yake zaidi: uende kama 25, usimame nusu saa, difu ipoe kabisa, uende tena, usimame tena, angalau mara tatu. Zikitimia 800 unamwaga oili yote na kutia nyingine.

Nilimuuliza kwa nini, mbona meno yanang'aa. Akaniambia nipitishe ukucha juu ya jino. Nikapitisha, nikahisi vijistari. Kwa jicho jino jipya ni kioo, kumbe ni shamba lililolimwa matuta. Meno ya difu ya aina hii hayaviringiki tu, yanatelezana pia, kwa sababu pinioni haikai usawa wa kitovu cha krauni, imeshushwa chini yake. (Baadaye nilisoma kwamba Packard wa Marekani ndio walioutia mpangilio huo kwenye magari ya abiria mwaka 1926, ili propela ishuke na sakafu ya gari iwe chini. Sisi tunaulipia mpangilio huo, halafu tunaliinua gari kwa springi ndefu.) Yanapotelezana, vilele vya matuta yale husuguana na kuzaa moto. Ukiwapa nafasi, vilele vinasagika polepole, uso unakuwa laini, na kila kituo moto unapungua. Ukiwanyima nafasi, moto unaishinda oili, oili inaacha kuwa oili, chuma kinagusa chuma, na ule ugumu wa juu wa jino unalegea. Jino lililolegea haliponi.

Sasa hesabu, ambayo Mzee hakuifanya, niliifanya mwenyewe miaka mingi baadaye kwa kalamu. Tisa na 37 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya moja. Maana yake jino moja la pinioni haliendi kwa jino lilelile la krauni mzunguko hadi mzunguko. Linawapitia wote 37 kabla ya kurudi kwa yule wa kwanza. Krauni ikizunguka mara tisa, kila jino limekutana na kila jino. Kwa tairi za gari lile hiyo ni kama mita 22 barabarani. Katika kilomita 25 wamesalimiana wote zaidi ya mara elfu moja. Nikifikiri jambo hilo huona kuwa watu wa kiwandani nao walijua fungate.

Asubuhi Mzee akanipandisha kwenye Land Cruiser pamoja na dereva. "Wewe ndiye kungwi," akaniambia. "Usiende kulala humo." Kisha akamgeukia dereva: "Mwanangu, mwendo ni sitini, sabini. Usa River simama. Njia panda ya KIA simama. Boma Ng'ombe simama, geuza. Kurudi hivyohivyo. Huyu akikwambia simama, nimesema mimi."

"Sawa Mzee," dereva akajibu. Kwa dakika arobaini alikuwa mkweli.

Usa River tuliegesha chini ya mti. Nikaingia nyuma, nikachuchumaa, nikaweka kiganja kwenye bakuli la difu. Kiganja ndicho kipimajoto tulichokuwa nacho: kikikaa hesabu ya kumi ni sawa, kikikataa kabla ya tano moto umezidi. Nilifika tatu. Kwa difu mpya siku ya kwanza hilo halishangazi, ndiyo sababu ya kusimama. Tukanunua mahindi ya kuchoma. Kilichonishangaza ni watu. Kila gari la pili lilipunguza mwendo. "Vipi, mmekwama?" "Mnahitaji kamba?" Mmoja alishuka kabisa na boksi lake la spana. Dereva aliwajibu wa kwanza kwa upole, wa tano kwa kifupi, na wa kumi hakumjibu. Kusimama na gari zima kulimuuma. Dereva wa safari aliyeegesha kando ya barabara kuu mchana kweupe, mbele ya madereva wenzake wanaopita, anajiona yuko uchi.

Njia panda ya KIA, ile ya uwanja wa ndege, tulisimama dakika kumi na tano. Nikasema nusu saa. Akasema, "Dogo, imepoa, shika mwenyewe." Sikuenda kushika. Nikapanda.

Boma Ng'ombe nikaelewa kwa nini alikuwa na haraka. Nyuma ya soko ilikuwepo Datsun pikapu ya shemeji yake, imekufa injini, inangoja kupelekwa Arusha. Kamba ilikuwa tayari imelala juu ya boneti. Walikuwa wamepanga tangu jana.

"Kaka," nikamwambia, "Mzee amesema tusivute kitu."

"Ni Datsun tu hii, dogo. Tena tupu. Utasemaje gari likibeba Wazungu saba kwenda Serengeti?" Akatoa noti mbili za shilingi elfu moja, akanitia mfukoni mwenyewe, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati. "Ya soda."

Ningeweza kusema nilikuwa mdogo. Sikuwa mdogo. Ningeweza kusema sikujua, na nimekwisha kueleza hapo juu jinsi nilivyofundishwa. Elfu mbili ilikuwa pesa, na dereva wa safari alikuwa mtu mkubwa, na mimi nilitaka aniite kwa jina siku akinikuta mjini. Nikashika kamba, nikafunga fundo.

Mtu asiyeijua barabara ile atadhani ni tambarare. Si tambarare. Kutoka Boma Ng'ombe hadi Arusha unapanda karibu njia yote, polepole, bila kuona mlima wa kulaumu. Miguu ya mwendesha baiskeli ndiyo inayojua. Land Cruiser lilivuta bila kulalamika. Injini ile ingevuta hata nyumba. Dereva alikuwa akipiga mluzi. Tukaipita njia panda ya KIA bila kusimama, tukaipita King'ori, tukaipita Kikatiti, na mimi nikawa natazama nje kama abiria.

Harufu ilitufikia Maji ya Chai. Oili ya difu ikiungua hainuki kama oili ya injini. Inanuka kama mtu amechoma nywele na mayai kwa pamoja. Tukashuka. Tundu la kupumulia la aksoli lilikuwa limetema oili mpaka kwenye tangi la mafuta. Niliweka kiganja bila kufikiri, nikakiondoa na ngozi ikabaki. Dereva akaenda mbio kwenye mfereji na ndoo.

"Usimwagie!" nikapiga kelele. Chuma chenye moto ule ukikipoza ghafla kinavuta hewa ndani kwa nguvu, na maji yanafuata tundu lilelile. Akasimama na ndoo yake. Hilo ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa siku ile. Tukafungua kamba, Datsun ikabaki pale, sisi tukakaa saa nzima bila kusemezana.

Tulifika gereji jua limezama. Mzee alikuwa amekwisha kwenda kuswali. Nikafunga kiganja kwa kitambaa, nikaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya gari. Hakuwa ameshika difu. Alikuwa ameshika kitu kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, anakigeuza kwenye mwanga: uzi wa katani, ulionasa kwenye ndoano ya kuvutia. Mtu aliyekulia kwenye mkonge.

"Hii haikuota hapa," akasema.

Nikasema, "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Mkono una nini?"

Sikujibu, na hakuuliza tena. Akaniagiza karai, tukafungua nati ya chini. Oili ya kwanza ya difu mpya lazima itoke na unga wa chuma, hilo si kosa. Kwenye sumaku ya nati unakuta uji wa kijivu, laini, ukiusaga kwa vidole hauna chembe. Iliyotoka siku ile ilikuwa nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi, na chini ya karai kulikuwa na vipande vinavyometa. Mzee aliiacha itone mpaka tone la mwisho. Akatia oili mpya. Kisha akafanya jambo ambalo lilinichoma kuliko bakuli lile: akaenda mwenyewe kwa bosi wa kampuni na kumwambia kwamba fungate imeharibiwa, na iliharibikia mikononi mwa gereji, kijana wake alikuwamo ndani. Dereva hakumtaja. Pesa ya ufundi hakuichukua. Zile noti mbili nilimpelekea siku ya tatu. Akazitazama, akaniambia ninunulie gereji sabuni.

Gari likaenda Serengeti Jumamosi. Likarudi linalia. Kuanzia kilomita sitini hadi themanini, mlio mwembamba wa pua, ukikanyaga unapanda, ukiachia unashuka. Meno hayakuvunjika, kwa hiyo bosi hakuona sababu ya kununua mengine. Watu wengi hudhani difu ikikosewa itakatika kesho. Mara nyingi haikatiki. Inaishi, na inakusimulia. Dereva yule alikaa nayo miaka mitano, siku nzima, mlio unatoka chini ya sakafu ya gari lake, mwendo uleule anaoutumia kwenda kila mahali. Sidhani kama kuna adhabu ambayo mahakama ingeweza kumpa inayolingana na hiyo. Tulipokutana hatukuitajiana.

Mwezi wa nane ikaja difu nyingine mpya, ya pikapu ya mkulima wa Karatu. Mzee akaifunga, akafuta mikono, akasema, "Kungwi yuko wapi?" Vijana wakacheka. Mimi sikuamini kwamba ananiita mimi. Nilikwenda. Usa River nilifika tatu. Nusu saa kamili kwa saa ya mkononi. Njia panda ya KIA nilifika sita. Boma Ng'ombe, nikiwa nimechuchumaa mavumbini, nilihesabu mpaka kumi na kiganja kikakaa, nikahesabu mpaka kumi na tano, nikaendelea tu kukiweka pale. Barabara ni ileile na jua lilikuwa limezidi kuwa kali, lakini chuma kilikuwa kimepoa kuliko asubuhi. Ndani mle, pasipo kuonekana, mambo yalikuwa yamekubaliana. Nimewahi kufunga injini nzima ikawaka kwa mara ya kwanza, sikupata furaha kama ile.

Mwaka 2003 lile Land Cruiser la zamani lilirudi kwetu kwa oili sili ya pinioni, na nikaomba niifungue difu mimi. Meno ya krauni upande wa kuvutia yalikuwa na rangi ya buluu iliyofifia, na mawimbi, kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Upande wa pili yalikuwa mazuri kabisa, na alama ya Mzee ilikuwa katikati, imeelemea kidole kidogo.

Mzee alirudi Korogwe. Gereji ninayo yangu sasa, na ninacho kipimajoto cha kumulika, unakielekeza tu kwenye chuma kinakwambia digrii. Nakitumia mbele ya wateja, maana wanakiamini. Wakishaondoka naweka kiganja. Shida yangu kubwa si kufunga difu, ni kumshawishi mtu aliyelipa pesa nyingi kwamba gari lake ni zima na kwa hiyo alisimamishe. Wanakubali kwa mdomo. Ndiyo maana bado naenda nao mwenyewe, na sichukui soda ya mtu.

Basi nawe ukipita Usa River ukaona gari zima limeegeshwa chini ya mti, halijainama, halivuji, na mtu mzima kachuchumaa nyuma yake ameshika bakuli la difu na midomo inacheza, usipunguze mwendo kuniuliza kama nimekwama. Nahesabu.